Nilimwangusha kohai (mdogo wangu kimkanda) kwenye kumite (pambano la mazoezi), sasa sensei (mwalimu) kanirudisha nyuma na mikanda nyeupe. Nihame dojo?

Shikamoo kaka,

Naomba unisome mpaka mwisho maana hili jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa na hakuna mtu nimemwambia ukweli wote, hata nyumbani wanajua tu nimepumzika kumite kwa sababu ya goti.

Mi nina miaka 27, karate nimeanza nikiwa na 21, hapo hapo kwenye dojo ya mtaani kwetu, mtindo wa Shotokan, sensei ni yule yule toka siku ya kwanza. Nina mkanda wa kahawia na mtihani wa mweusi ulikuwa umebaki miezi miwili tu. Sikosi mazoezi labda niumwe. Wadogo pale wananiita senpai, nikiwahi kufika mi ndo napashisha watu misuli, yani ile dojo ni nyumbani kwangu kwa pili.

Sasa kuna dogo mmoja ana mkanda wa kijani, mrefu, mguu mwepesi balaa. Siku hiyo tulikuwa kumite, sensei anatubadilisha badilisha, nikapangwa naye. Raundi ya kwanza akanigusa teke la kichwani, safi kabisa, hata sikuona limetokea wapi. Watu wakapiga makofi, kuna mmoja akacheka. Haijapita muda akaniingizia ngumi ya tumboni. Nikanyamaza. Raundi ya pili akaja vile vile anavyokujaga siku zote, anaruka na mkono wa mbele, mi nikamsubiri nikaachia gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa nyuma. Ilitakiwa niisimamishe usoni kama kawaida ila alikuwa ameshaingia ndani sana, ngumi ikamkuta kwenye taya. Akaenda chini mzima mzima, kichwa kikagonga sakafu, ule mlio mpaka leo nausikia. Sekunde kadhaa macho yako wazi ila mwenyewe hayupo.

Sensei akasimamisha kila kitu, akamlaza vizuri, akamuuliza jina, akamuuliza leo siku gani, akajibu ila kwa kuchelewa. Kaka yake akaja kumchukua. Pale dojo hakuna aliyeniambia kitu, na huo ukimya ndo uliniuma zaidi, bora wangenitukana.

Watu walipotawanyika sensei akaniita, akasema miezi mitatu hakuna kumite, mtihani umesogea mbele, utasimama mstari wa nyuma na mikanda nyeupe na utafanya nao Heian Shodan, ile kata (mfululizo wa miondoko) ya wanaoanza, mwanzo mwisho. Nikasema oss, yani sawa, nikaondoka.

Kaka, miaka sita, halafu nasimama na watoto waliokuja mwezi uliopita! Juzi kuna katoto kamoja, sidhani kama kamefika miaka minane, kakanigeukia kakaniuliza, "Senpai, mguu wangu uko sawa?" Nikajifanya sijasikia. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanawaka.

Yule dogo nilimtumia meseji usiku ule ule, nikamwandikia "pole mdogo wangu, ila kumite ndo ilivyo, siku nyingine weka gadi juu". Tiki mbili za bluu, kimya mpaka leo. Dojo hajarudi. Nasikia usiku ule alitapika na kichwa kilimsumbua siku kadhaa.

Mi naamini ni ajali, yeye ndo aliingia, sikukusudia kumuumiza. Ingawa nisikudanganye kaka, ile ngumi ilipofika, kabla hajaanguka, nilisikia raha kidogo, na sijui hiyo maana yake nini.

Kuna dojo nyingine nimeshaongea na mwalimu wao, kasema niende hata kesho na mwezi ujao ananipa mtihani wa mweusi, wao wanapigana kweli kweli hawana mambo ya kugusa gusa. Nihame? Au nikae nimalize adhabu ya kitu ambacho ni ajali?

Ni mimi, Mkanda wa Kahawia

JIBU

Marahaba mdogo wangu.

Ule mstari wa kusikia raha ungeweza kuufuta kabla hujatuma na mimi nisingejua kitu, ningekujibu kama mtu aliyepata ajali tukaishia hapo. Hukuufuta. Kwa hiyo na mi nitakujibu kwa uwazi ule ule, na nitarudi kwenye huo mstari, ila si sasa hivi, maana kuna jambo limetangulia.

Kichwa cha yule dogo kwanza. Mtu aliyepigwa taya, akaanguka, kichwa kikagonga sakafu, macho yakapotea kwa sekunde kadhaa, akajibu maswali kwa kuchelewa na usiku akatapika, huyo alitakiwa aonwe na daktari usiku ule ule, si kesho yake. Ubongo ukitikisika ndani ya fuvu hauonyeshi jeraha kwa nje, hakuna damu, hakuna uvimbe, mtu anaweza kuamka asubuhi anaongea vizuri na kumbe ndani bado hajapona. We umesikia kwa watu kwamba alitapika, je sensei amesikia? Mwambie leo, usisubiri siku ya mazoezi. Na kama dogo bado ana kichwa kuuma, kizunguzungu, mwanga unamkera, anasahau sahau au analala kupita kawaida, aende hospitali hata kama zimepita wiki tatu. Kurudi kwake kuwe kwa ngazi, dalili ziishe zote, daktari aseme sawa, aanze na mazoezi mepesi, kihon (mbinu za msingi) na kata, kumite ije mwisho kabisa. Pigo la pili kwenye kichwa ambacho hakijapona linaweza kuua, na hilo silisemi kukutisha, limeshatokea kwa vijana wenye afya zao kwenye michezo mbalimbali.

Haya, sasa tuje kwako.

Unasema ni ajali kwa sababu yeye ndo aliingia. Nimeirudia hiyo sehemu ya barua yako kama mara nne. Umeandika "akaja vile vile anavyokujaga siku zote", halafu ukaandika "nikamsubiri". Mdogo wangu, mtu akija vile anavyokuja siku zote hajakushtukiza. Ulijua anakuja, ulijua kwa mkono upi, ulijua na umbali atakaofika. Gyaku-zuki ni ngumi ya mkono wa nyuma, inabeba kiuno kizima, na ukiipiga kwa mtu anayekuja mbele unajumlisha kasi yako na ya kwake, ndo maana inaangusha watu wakubwa kuliko wewe. Mkanda wa kahawia anayejua hilo akiona mwenzake anaruka kuja, anafupisha mkono, au anarudisha mguu wa mbele apate nafasi, au anashusha ngumi kifuani. Hayo yote umeshayafanya mara elfu kwa miaka sita, mwili wako unayajua bila kuuliza. Siku ile haukuyafanya.

Nakuamini kabisa kwamba hukutaka kumuumiza. Ila ulitaka ajue. Ulitaka yule aliyecheka anyamaze. Hiyo raha ndo maana yake, si kwamba we ni mtu mbaya. Teke la kichwani kutoka kwa mkanda wa kijani mbele za watu linachoma, kila aliyekaa dojo muda mrefu limeshamkuta, na kati ya lile teke na ile ngumi ulikuwa na dakika kama mbili hivi za kulimeza. Hukulimeza, ukalirudisha kwa ngumi. Basi liite kwa jina lake, kwa sababu ukiendelea kuliita ajali hutajua cha kurekebisha, ajali hairekebishiki.

Wajapani wana neno sundome, maana yake ni kusimamisha pigo sun moja kabla halijafika, na sun ni kama sentimita 3 tu. Fikiria mkono wako umetoka na nguvu zote, kiuno kimezunguka, pumzi imetoka na kiai (ule ukelele wa pigo), halafu ngumi inakufa sentimita 3 mbele ya pua ya mtu na yeye anasikia upepo. Kumpiga mtu kunahitaji nguvu, na nguvu hata mtu wa barabarani anazo. Kuisimamisha pale, kwa mtu anayetembea, ukiwa umechoka na umeudhika, hicho ndo kitu ulichokuwa unajifunza miaka yote sita. Nikiona mkanda wa kahawia au mweusi anayeangusha wadogo zake nasema huyu bado hajamaliza kujifunza kupiga ngumi, na nasema hivyo bila kumdharau.

Na usifikiri haya ni mambo ya dojo za mtaani. Olimpiki ya Tokyo, tarehe 7 Agosti 2021, fainali ya wanaume zaidi ya kilo 75, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza 4 kwa 1, dhahabu iko mkononi. Akatoa teke la juu, likampata Sajad Ganjzadeh wa Iran, akazima pale pale, akatolewa kwa machela. Waamuzi wakakaa wakaangalia, wakamwondoa Hamedi kwa kuzidisha nguvu. Ganjzadeh alipozinduka akaambiwa we ndo bingwa wa Olimpiki. Wengi walilia na ile hukumu na mpaka leo watu wanabishana, lakini kanuni ilisimama mbele ya dunia nzima kwamba aliyeangusha ndo aliyepoteza. Sensei wako hajakutungia sheria mpya.

Nije kwenye hiyo dojo nyingine. Sina shida na wanaopigana kwa nguvu, kuna karate ya hivyo na ina heshima yake, kwenye mtindo wa Kyokushin alioanzisha Masutatsu Oyama watu wanapigana ngumi za kifua na mateke ya mapaja mpaka mtu anachechemea wiki nzima. Ila hata huko, ngumi ya usoni ni marufuku! Kwa hiyo ukienda kutafuta mahali ambapo kile ulichokifanya ni halali utatembea sana. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni huyo mwalimu, anakupokea bila kukuuliza umetoka kwa nani na kwa nini umeondoka miezi miwili kabla ya mtihani, hajakuona ukifanya hata kata moja, na tayari amekuahidi mweusi mwezi ujao. Mwalimu anayegawa mkanda kabla hajakuona umesimama anakuuzia kitambaa. Na kumbuka hii mikanda yenyewe haikuwepo tangu zamani, Gichin Funakoshi aliichukua kwenye judo ya Jigoro Kano, akatoa mikanda nyeusi ya kwanza ya karate mwaka 1924. Wazee wa Okinawa kabla ya hapo walifundishana vizazi na vizazi na hakuna aliyevaa rangi.

Huyo huyo Funakoshi, ndo mzee wa Shotokan unayoicheza, akiwa kijana alikuwa anaenda usiku kwa mwalimu wake Anko Azato, wanafanya uani, na alirudishwa kata moja hiyo hiyo miezi na miezi, haruhusiwi kwenda nyingine mpaka mwalimu aridhike. Kwa hiyo Heian Shodan miezi mitatu si tusi. Na hebu itazame hiyo kata kwa makini, naona sensei wako hakuiokota tu. Miondoko 21, inaanza kwa kugeuka kushoto na kuzuia, gedan-barai, hakuna hata gyaku-zuki moja ndani yake. Miezi mitatu kakuondolea ile ngumi, kakuacha na kuzuia na kusogea. Ningekuwa mimi ningemshukuru, ingawa najua sasa hivi huwezi.

Ningekuambia uhame kama angekupiga, au angekutukana mbele ya watu, au angekuweka nyuma bila kusema mpaka lini. Hajafanya hivyo. Amekuita pembeni watu wametawanyika, amekupa muda unaojulikana, na amekubakiza ndani. Ila na yeye ana lake, na nenda kamwambie kwa adabu. Kwenye barua yako hukutaja popote kinga ya meno wala glavu, je zilikuwepo? Kwa nini mkanda wa kijani na wa kahawia waliachiwa kumite huru raundi ya pili wakati kila mtu ameshaona joto limepanda? Kiongozi wa dojo anatakiwa kuliona hilo usoni mwa mtu na kuwatenganisha. Msipolizungumza litatokea kwa wengine wawili.

Sasa ile meseji. Samahani lakini ile haikuwa pole, ilikuwa somo, umempiga halafu ukamfundisha gadi. Mi nishawahi kukaa upande wake, senpai wangu alinipiga mdomoni nikiwa bado mpya, na nilirudi dojo, lakini kwa karibu mwaka mzima ngumi ilikuwa ikitoka tu macho yangu yanafumba yenyewe kabla haijafika. Nilikuwa nasimama mbele ya mtu nimefumba macho, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Meno yalipona mapema sana, macho ndo yalichelewa.

Kwa hiyo nenda kwao. Si meseji, si kupiga simu, nenda kwa miguu yako, na ubishe hodi ukijua unaweza usikaribishwe. Anza na wakubwa wa pale, wasalimie, jitambulishe kwamba we ndo uliyempiga, maana kuna kaka mtu aliyekuja kumbeba mdogo wake. Halafu mwambie dogo hivi tu, kwamba ulikuwa umeudhika na lile teke, ulimsubiri, ulikuwa na uwezo wa kuisimamisha ngumi na hukuisimamisha, na unaomba radhi. Neno "ila" lisitoke mdomoni. Muulize anaendeleaje, sikiliza, na kama walitumia hela kwa matibabu uliza namna ya kusaidia. Usimwombe arudi dojo, usimwombe akuombee kwa sensei, usimwambie akusamehe pale pale. Na mwambie lile teke lilikuwa zuri, kwa sababu ni kweli na hajasikia likisemwa na wewe.

Mazoezi ya nyumbani kwa hii miezi mitatu. Ning'iniza kipande cha kitambaa chepesi usawa wa uso wako, simama umbali wako wa kawaida, piga gyaku-zuki kwa kasi yote ngumi ife kabla ya kitambaa, kitikiswe na upepo tu kisiguswe. Hilo utaliweza siku chache. Ukishaliweza mwambie mtu akisukume kije kwako wakati unapiga, na hapo ndo utaona kazi, maana utajifunza kufupisha mkono wakati lengo linakuja. Halafu fanya hivyo hivyo mwisho wa siku umechoka, umegombana na mtu kazini, hutaki hata kuongea. Hiyo ndo hali uliyokuwa nayo siku ile. Ukirudi kumite, kwa mwaka wa kwanza ukipangwa na mdogo kimkanda usipige juu ya kifua, kasi aipange yeye, na akikupata, mwambie umenipata, kwa sauti watu wasikie.

Na kesho ukifika mstari wa nyuma, mtafute yule mtoto, bado hajajibiwa. Chuchumaa uwe kimo chake, uangalie mguu. Goti la mbele limefika juu ya kidole gumba? Mguu wa nyuma umenyooka, kisigino hakijanyanyuka? Miguu iko upana wa mabega au iko kwenye mstari mmoja kama anatembea juu ya kamba? Wengi wa umri ule wanasimama kwenye kamba. Mwambie afungue kidogo kwa nje, halafu msukume begani taratibu ajue tofauti.